Kukaza si Kufumbata: Uhakiki wa Istilahi za Ukaguzi wa Parafujo za Bunduki

1. Jambo lenyewe

Tuchukue sentensi moja ya maelekezo ya ukaguzi wa silaha, kama inavyotokea pale mfasiri anapokwenda neno kwa neno na kamusi mkononi: "Hakikisha skrubu za ufunguo wa mbebaji wa bolti zimekazwa vizuri." Sentensi hiyo haina kosa la sarufi. Upatanisho wake ni sahihi, nomino zake zimo katika matumizi, na mwalimu wa lugha hawezi kuitilia alama nyekundu. Lakini askari atakayeisoma na kuitii atafanya jambo ambalo mwandishi wa awali alitaka lisifanywe. Atachukua spana na kukaza.

Makala haya yanakusudia kuihakiki sentensi hiyo. Yamkini msomaji atauliza kwa nini Baraza lishughulike na parafujo mbili ndogo ilhali elimu, sheria na tiba zingali zikidai maneno. Jawabu ni kwamba katika parafujo hizo mbili imejificha hitilafu inayorudi katika tafsiri nyingi za ufundi: tendo moja hupewa jina la tendo jingine la jirani, na kwa kuwa jina lenyewe ni la Kiswahili safi, hakuna anayeshtuka. Neno geni humfanya msomaji asite na kuuliza, lakini neno la kawaida lililowekwa pasipo pake halimpi nafasi ya kuuliza.

2. Mtambo unavyofanya kazi

Mhakiki wa istilahi hawezi kukwepa kuieleza mashine, maana maana ya neno la ufundi imo katika kazi ya kitu kinachoitwa. Bunduki inayohusika ni ya jamii iliyobuniwa na Mmarekani Eugene Stoner katika miaka ya 1950, ambayo majeshi ya Marekani yaliipokea katika miaka ya 1960 kwa jina la M16, na ambayo ndugu yake mfupi huitwa M4. Katika jamii hii gesi ya baruti inayoisukuma risasi ndiyo pia inayouendesha mtambo. Mtutu una tundu dogo upande wa juu. Risasi ikishalipita, sehemu ya gesi hupenya humo na kurudi nyuma kwa mrija mwembamba. Mwisho wa mrija huo huingia katika kipande kidogo cha chuma chenye mdomo, kilichofungwa kwa parafujo mbili juu ya chuma kikubwa zaidi kinacholibeba komeo. Gesi ikipita mdomoni humo hukisukuma nyuma chuma hicho kikubwa. Nacho hulizungusha komeo, komeo hufunguka, ganda tupu hutolewa na kutupwa nje, kisha springi hurudisha vyote mbele pamoja na risasi mpya.

Kila mlio, basi, ni pigo la moto na shinikizo juu ya kipande kile kidogo. Parafujo zake zikilegea, hata kwa kiasi kisichoonekana upesi, gesi huvuja chini yake. Nguvu hupungua, mtambo hauendi mpaka mwisho wa safari yake, ganda hukwama au risasi mpya haiokotwi. Askari hubaki na bunduki iliyonyamaza.

Kwa sababu hiyo, kiwandani, baada ya parafujo kukazwa kwa kipimo, hufanywa kazi ya pili. Fundi huchukua ponchi na nyundo, au mashine ya kubinya, na kukisukuma chuma cha kile kipande kando ya kila parafujo, mpaka chuma hicho kisogee na kukishika kichwa cha parafujo kisiweze kuzunguka. Vichwa vya parafujo hizo vina michirizi ubavuni, na chuma kilichosukumwa huingia katika michirizi hiyo. Kukaza ni kazi ya kwanza; kukishikisha chuma ni kazi ya pili. Agizo la ukaguzi linahusu kazi ya pili.

3. Ubaya wa neno "kukaza"

Kukaza ni kuongeza nguvu ya mshiko kwa kuzungusha au kuvuta: hukazwa nati, hukazwa kamba, hukazwa mwendo, hukazwa hata moyo. Neno hili lina wingi wa matumizi na ni mali yetu. Ila halisemi lolote juu ya kesho. Parafujo iliyokazwa asubuhi inaweza kulegea jioni kwa mtikisiko na kwa chuma kupata moto na kupoa. Kazi ya pili tuliyoieleza ilibuniwa kwa ajili ya udhaifu huo wa kukaza. Mfasiri anayeiita kazi ya pili kwa jina la ile ya kwanza ameifuta.

Madhara yake ni ya aina mbili. La kwanza, mkaguzi hatatazama panapotakiwa kutazamwa. Ukaguzi huu ni wa macho: je, kando ya kila parafujo pana alama ya pigo? Je, chuma kimesogea kweli na kukigusa kichwa, au ni kidonda cha juujuu kilichotiwa kwa ajili ya sura tu? Je, zipo dalili kwamba kichwa kimezunguka baada ya kugongwa? Je, chini ya kipande pana masizi yaliyotoka kwa gesi inayovuja? Hakuna hata swali moja kati ya hayo linalodokezwa na neno "kukaza".

La pili, mkaguzi mwenye bidii atakwenda kuharibu. Akiiingiza spana katika kichwa cha parafujo iliyokwisha kushikwa na kuizungusha kwa nguvu ili "aikaze", ama ataubandua ule mshiko wa chuma, ama ataivuta parafujo kupita uwezo wake hata ikatike. Mzembe aliyeipuuza sentensi yetu atakuwa ameisalimisha bunduki. Mtiifu ndiye atakayeidhuru. Tafsiri inayomwadhibu mtiifu haina budi kukataliwa.

Si mara ya kwanza kwa lugha ya maelekezo kuwa sehemu ya usalama wa silaha hiyohiyo. Bunduki za M16 zilipokwama mikononi mwa askari wa Marekani huko Vietnam, sababu zilikuwa nyingi, zikiwemo kubadilishwa kwa aina ya baruti na upungufu wa vifaa vya kusafishia. Pamoja na kurekebisha mtambo, jeshi lao lilitoa mwaka 1968 kijitabu cha matunzo kilichochorwa na msanii wa vibonzo Will Eisner, kwa lugha ya mazungumzo ya askari. Waliokitoa walitambua kwamba maelekezo yasiyoeleweka na yule aliyeishika bunduki ni sawa na maelekezo yasiyokuwapo.

4. "Ufunguo", "mbebaji" na "bolti"

Nomino tatu za sentensi yetu zina kasoro zake, na Dar es Salaam yenyewe yatosha kutupa mizani ya kuzipimia.

Tuanze na "bolti". Katika Kiingereza neno moja hubeba maana tatu ambazo Kiswahili kimezitenga tangu zamani. Mtu akienda Kariakoo kununua pini nene ya chuma yenye hesi na nati yake, ataomba bolti. Akitaka chuma cha kusukuma ili mlango usifunguke, ataomba komeo. Akiingia maduka ya khanga na vitenge ya Mtaa wa Uhuru kununua kitambaa kizima kilichokunjwa, ataomba jora. Muuzaji hababaiki hata kidogo, kwa kuwa lugha yake imekwisha kumtenganishia. Sasa, chuma kinachoziba nyuma ya mtutu na kuizuia gesi isimrudie mpigaji hufanya kazi ya komeo: husukumwa, huzungushwa, hujifunga. Kukiita "bolti" ni kuutupa utajiri wa lugha yetu na kuukumbatia ufukara wa lugha nyingine. Askari mgeni ataitafuta nati yake asiione.

"Ufunguo" ni mtego wa namna hiyohiyo. Kile kipande chenye mdomo hakifungui kitu. Kiliitwa hivyo na wahandisi wa Kiingereza kwa desturi yao ya kuviita vipande vya kupachika jina hilo. Desturi hiyo si yetu, na hatuna sababu ya kuirithi. Kazi ya kipande ni kuipokea gesi kutoka kwenye mrija. Tukikiita "kipokeagesi", jina lenyewe litamfundisha mkaguzi kwa nini asikubali kivuje.

"Mbebaji" nalo lina hadithi inayostahili kusimuliwa. Neno la Kiingereza linalofasiriwa hapa ndilo lililozaa jina la Kariakoo. Katika Vita Kuu ya Kwanza, baada ya Waingereza kuuteka mji mwaka 1916, mahali hapo palikuwa kambi ya kikosi cha wachukuzi wa mizigo ya jeshi. Wenyeji wakalisikia jina la kikosi hicho kwa masikio yao na kulitengeneza kwa midomo yao, likawa Kariakoo. Mwendo mfupi kutoka hapo, katikati ya mji, katika Barabara ya Samora, imesimama tangu 1927 Sanamu ya Askari yenye bunduki na singe. Maandishi yake ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili hayawakumbuki askari peke yao, bali pia wachukuzi wa vita hivyo, ambao Kiswahili kinawaita wapagazi. Kwa hiyo mji mmoja umelipokea neno moja kwa njia mbili: uwanjani limekopwa sauti likawa jina la mahali, katika sanamu imefasiriwa maana, na Kiswahili kimetumia jina lake cha kale. Njia zote mbili ni halali. Isiyo halali ni ya tatu, ya kulitwaa neno la ngeli ya watu na kulivika chuma. Mbebaji, kama mpagazi, ni mtu. Chombo hupewa umbo la ngeli ya ki-vi, kama kifyatulio na kitako. Hivyo "kibebakomeo" ndilo umbo linalotakiwa.

5. Mafundi husemaje?

Taratibu za kuunda istilahi zatutaka tuanze na Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha lugha za Kibantu na nyingine za Kiafrika, na ndipo tuvuke bahari. Na katika Kiswahili chenyewe hapana budi tuanze na wenye kazi.

Mafundi wa Kariakoo na Gerezani hawatengenezi bunduki. Silaha ziko chini ya sheria ya udhibiti ya mwaka 2015, na ufundi wake si wa uchochoroni. Lakini tendo tunalolitafutia jina wanalifanya kwa mkono katika magari. Magari mengi ya Kijapani hufungwa ekseli ya gurudumu kwa nati yenye ukingo mwembamba. Nati ikishakazwa kwa kipimo, fundi huchukua tindo butu na nyundo, akaugonga ukingo ule mpaka ubonyee ndani ya mfereji uliochongwa katika ekseli. Nati haizunguki tena. Siku ya kuifungua, ukingo huinuliwa kwanza, na nati hiyo hupasa kubadilishwa, kwa maana chuma kilichokwisha kukunjwa na kukunjuliwa hakiaminiki. Jambo ni lilelile la kipokeagesi: chuma kimesogezwa kwa pigo ili kukizuia kingine kisizunguke.

Fundi anayemwelekeza mwanafunzi kazi hiyo hana haja ya kuunda neno. Atasema nati igongewe. "Kugongea" ni neno la moja kwa moja, linaeleweka, na kauli yake ya kutendea inadokeza kwamba pigo lina kusudi. Tunalipendekeza kwa tendo la fundi. Lakini halimtoshi mkaguzi, kwa sababu hutaja pigo bila kutaja matokeo. Parafujo inaweza kuwa imegongewa vibaya: alama ipo, chuma hakikufika. Mkaguzi hakuwapo nyundo ilipopigwa. Anachokitafuta ni hali iliyobaki, nayo yahitaji jina lake.

6. Fadhila za "kufumbata"

Kabla ya kulitaja neno tunalolichagua, tuyaondoe yale yasiyofaa. "Kupigilia" ni kwa misumari, nayo ni kuingiza kitu ndani ya kingine. "Kupiga ribiti" ni kuunganisha vipande kwa pini inayobondwa kichwa. Hapa hapana pini inayobondwa. "Kukomea" kungeleta mchafuko katika mtambo ambao tayari una komeo. Wako wanaopendelea kukopa sauti na kusema "kusteki"; lakini neno hilo limekwisha kuchukuliwa na wauza nyama, na kwa mwenye njaa halina uhusiano wowote na nyundo.

Kiswahili kina kitenzi "kufumbata": kushika kitu kwa kukizungushia vidole, kama mtoto anavyofumbata sarafu kiganjani. Kitenzi hiki kina sifa tatu. Kwanza, kinaeleza kinachoonekana: chuma cha kipokeagesi kimesogea na kukishika kichwa cha parafujo. Pili, mnyambuliko wake una ushahidi wa maana. Kiambishi "-at-" katika Kiswahili huonyesha mgusano wa kudumu kati ya vitu viwili. Tunacho katika kamata, kumbata, ambata na pakata. Mgusano ndio hasa mkaguzi anaoutafuta, na pasipo mgusano hapana kufumbata, hata kama alama ya ponchi ni kubwa kiasi gani. Tatu, kinanyambulika bila shida: parafujo imefumbatwa, haikufumbatwa, mfumbato umeachia.

Kuna watakaosema kwamba neno hilo ni la ushairi kuliko karakana. Pingamizi hilo tunalijibu kwa historia. Mzinga ulikuwa wa nyuki kabla ya kuwa wa vita. Risasi lilikuwa jina la madini kabla ya kuwa jina la kinachotoka mtutuni. Parafujo yenyewe ilikuja na Wareno, na leo hakuna anayeuliza pasipoti yake. Wazee wetu hawakuogopa kulihamisha neno kutoka nyumbani kwenda vitani, mradi mfanano ulikuwa wa kweli. Mfanano wa kiganja na chuma kilichosogezwa ni wa kweli.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: bunduki iliyozoeleka Afrika ya Mashariki ni ya jamii ya Kalashnikov, ile ambayo taarifa za polisi huiita SMG, na haina kipokeagesi. Ndivyo. Na hiyo ndiyo sababu ya kuwa na maneno yaliyotengwa. Katika jamii hiyo fimbo ya pistoni huingizwa kwa hesi katika kibebakomeo na kuzuiwa kwa ribiti, nayo huachwa icheze kidogo kwa makusudi. Aliyeizoea bunduki ile anajua kwamba kucheza si ubovu. Akipewa bunduki ya jamii ya Stoner na kukuta kipokeagesi kinacheza, asipokuwa na maneno ya kutofautisha atakiacha, kumbe hapo kucheza hata kidogo ni hitilafu. Istilahi iliyo wazi humlinda anayehama kutoka chombo kimoja kwenda kingine.

7. Mapendekezo

Tunapendekeza maneno yafuatayo yafikiriwe:

Komeo: chuma kinachoziba nyuma ya mtutu wakati wa kupiga.

Kibebakomeo: chuma kinacholibeba komeo na kwenda nalo nyuma na mbele.

Kipokeagesi: kipande chenye mdomo, juu ya kibebakomeo, kinachopokea gesi kutoka kwenye mrija.

Kukaza: kuzungusha parafujo au nati mpaka kipimo kilichowekwa.

Kugongea: kusogeza chuma kwa pigo la ponchi au tindo ili kizuie parafujo au nati isizunguke.

Kufumbata: kwa chuma kilichogongewa, kukigusa na kukishika kichwa cha parafujo au mfereji wa ekseli.

Mfumbato: mshiko huo wenyewe.

Kucheza: kusogea kidogo kwa kipande kilichofungwa, kuwe kwa makusudi au kwa ubovu.

Kwa maneno hayo, sentensi tuliyoanza nayo yaweza kuandikwa hivi: "Tazama parafujo mbili za kipokeagesi. Hakikisha kila moja imefumbatwa. Usizikaze. Mfumbato ukiwa umeachia, au kipokeagesi kikicheza, usiitumie bunduki. Mpelekee fundi wa silaha."

Sentensi moja imekuwa tano. Yapo mawazo kwamba tafsiri nzuri lazima ilingane na asili yake kwa urefu. Katika maelekezo ya ufundi kipimo hicho hakifai. Kipimo kinachofaa ni kile kitakachofanywa na mkono wa msomaji baada ya kusoma. Agizo la awali liliandikwa kwa watu waliokwisha kufundishwa tofauti ya kukaza na kufumbata, nalo liliweza kuwa fupi. Letu linakwenda kwa watu ambao tofauti hiyo huenda wakaipata katika neno lenyewe, na mahali pengine popote wasiipate.

Wasomaji walio karakanani, na hasa mafundi wa magari wanaoigongea nati ya ekseli kila wiki, wanaombwa kutuletea maneno yao. Ikiwa Tanga, Mombasa au Unguja lipo jina la mshiko huo lililo bora kuliko "mfumbato", na wenye kazi wanalitumia, jina hilo ndilo litakalostahili kutangulizwa.